Ubao wa Pili

Mkunga alifungua mlango na ufagio mkononi, tayari kumkaribisha fundi wa sakafu, na ufagio ukamponyoka.

Aliyesimama kizingitini, begi la vifaa begani na futi kamba kiunoni, alikuwa Randa.

Miaka saba! Miaka saba mwanamke huyu amekuwa akijiapiza kwamba siku atakayokutana na mwanamume yule atampa maneno yake, tena bila kupunguza hata moja. Maneno alikuwa nayo. Mengine alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Sasa siku imefika, ulimi umegoma. Akainama kuokota ufagio, Randa naye akainama, vichwa vyao vikagongana puu!

"Pole," akasema Randa, akijishika paji la uso.

"Pole ya kichwa, au na ya yale mengine?"

Randa alilishusha begi la vifaa. Mabega yalikuwa yamepanuka, ndevu zimeingia mvi mbili tatu, lakini macho yalikuwa yale yale, yanayotazama chini kwanza kabla hayajathubutu kupanda. Yalipopanda, Mkunga alijikuta ameukumbatia ufagio. Akajilaani kimoyomoyo.

"Nimetumwa na duka la vifaa," Randa alisema. "Waliniambia nyumba ya zamani, maji yameingia chini ya dirisha, wenyewe hawajaamua kama ni vigae au mbao. Walipoutaja mtaa nikajua ni hapa. Nusura niseme siendi."

"Si ungesema! Kutokuja ndiyo kazi unayoiweza."

"Ni fundi huyo?" sauti ya Mama ikatoka ndani. "Mwambie apite! Mbona mnanong'ona mlangoni kama wapelelezi?"

Akapita. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mkono, miwani puani, anachambua mchele. Alipoinua uso sinia likamteleza, mchele ukamwagika miguuni pake.

"Shikamoo, Mama," Randa akasema.

Mama hakuitikia. Katika nyumba ile mtoto wa jirani akisalimia kutoka barabarani huitikiwa, hata mwendawazimu wa sokoni huitikiwa. Shikamoo ya Randa ilibaki ikining'inia hewani, haina wa kuipokea.

"Mume wangu alikufundisha kazi tangu hujui kushika nyundo," Mama alisema hatimaye. "Miaka sita umekula meza moja naye. Siku ya kumzika nilikutafuta kwa macho kaburini, sikukuona."

"Nilikuwa msituni, Mama, kwenye kambi ya wapasua mbao. Habari zilinifikia miezi mitatu baadaye."

"Fanya lililokuleta."

Lililomleta lilikuwa sebule ile. Nyumba ilijengwa na babu mzaa baba, ina umri unaomzidi Mama mwenyewe, na sakafu ya sebule ilikuwa ya mbao ngumu nyekundu ambazo marehemu Mzee, seremala aliyejulikana mtaa mzima kwa kazi safi na maneno machache, alizipigilia upya wiki ile ile aliyofariki. Ilikuwa kazi yake ya mwisho duniani. Mwezi uliopita bomba lilipasuka chini ya dirisha, mbao nne zikavimba, na hapo vita vikaanza. Mama alitaka vigae. Binti alitaka mbao. Siku tatu nzima walikuwa wakizungumza kwa kupitia paka.

Na kisha kulikuwa na Mwenye Vigae. Huyu alikuwa mwanamume mpole, aliyefiwa na mkewe, mwenye duka la vigae karibu na kituo cha mafuta. Alimjua Mkunga siku dada yake alipojifungua mikononi mwake, akampenda kwa adabu, bila papara. Mwisho wa mwezi wazee wake walikuwa waje kuleta posa, na kwa kuwa aliisikia habari ya bomba, alijitolea vigae vya sebule nzima, rangi ya maziwa. Lori lilikuwa liviteremshe siku hiyo hiyo. Mkunga hakuwa amemwambia ndiyo wala hapana. Kila mtu alimwona kama aliyekwisha kusema ndiyo, naye alikuwa amechoka kuwa peke yake kiasi cha kukaribia kukubaliana nao.

Randa alipiga magoti, akagonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, akisikiliza.

"Mama anataka vigae juu ya mbao hizi?"

"Juu yake. Zifunikwe kabisa."

"Haiwezekani, Mama. Mbao za zamani zinacheza, na kigae hakijui kucheza. Ukikibandika juu ya kitu kinachotikisika, mwaka hauishi kimepasuka. Mkitaka vigae lazima ning'oe mbao zote na boriti zake, nijaze kifusi, nimwage zege. Mkitaka mbao, nabadilisha hizi nne, zilizobaki nazipiga randa. Zina miaka hamsini ya kuishi."

"Unaona?" Mkunga akaruka. "Miaka hamsini! Baba hakupiga kazi ya kubomolewa."

"Ng'oa," Mama akasema.

"Mama!"

"Ng'oa, nimesema! Wewe unaondoka alfajiri kwenda kuzalisha wenzio. Mimi ndiye ninayebaki. Kila nikipita hapa ubao unalia, nami nageuka nikidhani ni yeye anakuja kuomba chai. Miaka saba nageuka. Mwanangu, shingo yangu imechoka."

Mkunga alimtazama mama yake upya. Siku tatu za kugombana na hakuwahi kulisikia hilo. Alidhani mama yake anawataka tu wakwe wakanyage kitu kinachong'aa.

"Hukuniambia, Mama."

"Hukuniuliza. Ulishika mbao, mbao, mbao." Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akakusanya mchele wake uliochanganyika na vumbi, akaenda zake jikoni.

Wakabaki wawili, na katikati yao sakafu.

Hapo ulimi wa Mkunga ukafunguka.

"Una mke?"

Randa alishtuka hata akaangusha futi kamba. "Nina msumeno."

"Usinichekeshe, sina hamu ya kucheka na wewe. Nilikuwa chuoni. Uliniandikia kwamba utazungumza na Baba. Nikawaambia wenzangu bweni zima, nikajifanya bibi harusi na shuka la chuo kichwani. Narudi nyumbani, Baba maiti, wewe umetoweka. Siku moja niliwakosa wote wawili. Kwa nini ulikimbia?"

"Sikukimbia. Nilikataliwa."

"Na nani?"

"Na Mzee."

Mkunga aliketi sakafuni bila kutaka. "Mwongo."

"Natamani ningekuwa mwongo."

"Baba alikuwa akikuita mwanangu! Alikupa jina la Randa kwa sababu alisema mkono wako unalainisha kila kitu. Usimsingizie marehemu ndani ya nyumba yake."

"Nilimwomba mkono wako hapa hapa sebuleni, jioni, tulipomaliza kupanga mbao hizi," Randa alisema taratibu. "Unamjua Mzee. Hakusema kitu. Alikohoa, akasema, 'Mambo mazito siyawezi kwa mdomo. Nitakuandikia. Kesho utasoma.' Asubuhi nilikuja mapema, yeye hajaamka. Mbao zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine, migongo juu. Ule wa kwanza ulikuwa na maandishi yake. Nikasoma, nikavua aproni, nikaondoka. Ningebaki kufanya nini? Nimtazame usoni kila siku?"

"Ubao gani?"

Randa hakuhitaji kutafuta. Alinyoosha kidole kwenye ubao uliogusa ukuta wa dirisha, ule uliovimba kuliko wote. "Ndio aliotangulia kuupigilia. Nilimfahamu, alikuwa akianzia dirishani siku zote."

"Ung'oe."

"Mkunga, acha. Mtu asifukue..."

"Ung'oe, au nitaung'oa kwa meno!"

Akaingiza mtaimbo. Misumari ililia, ubao ukainuka na harufu ya unyevu. Randa akaugeuza, akaupangusa kwa kiganja. Kwa ile penseli nene ya seremala, kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama Mzee mwenyewe, palikuwa pameandikwa:

KIJANA NIMEKATA

Mkunga alisoma mara tatu. Kazi yake ni kusoma kadi za wajawazito, na mkunga asiyesoma herufi zote ataua mtu.

"Hapa pameandikwa nimekata."

"Nimekataa," Randa akasema.

"A ni moja."

"Kwani Mzee aliwahi kuandika mbili? Miaka sita nimesoma karatasi zake. 'Njo sa tatu.' 'Mteja ameka sana anangoja.' 'Nunua dawa ya kua mchwa.' Sisi wa karakanani tulizoea kumwongezea herufi wenyewe."

Mkunga alitaka kubisha akashindwa. Lilikuwa kweli. Barua za baba yake chuoni zilianza kila mara na 'mama yako na mimi tumeka salama', naye alikuwa akicheka mpaka machozi. Baba hakuwahi kuandika herufi mbili zinazofanana zikifuatana. Alisema ni ubadhirifu wa penseli.

Basi ilikuwa nimekataa.

Kitu kilimkatika kifuani. Miaka saba amemchukia mwanamume asiye na hatia, na miaka saba ameipangusa sakafu hii kwa nta kama anayeosha miguu ya baba yake. Kumbe chini yake, uso kwa udongo, palilala neno lililoyavunja maisha yake. Baba yule mpole! Baba aliyembeba mabegani!

"Mama!" aliita kwa sauti iliyomfanya Randa asimame. "Mama, njoo usome!"

Mama alikuja na mwiko mkononi. Alisoma, akasimuliwa, akasoma tena.

"Haiwezekani," akasema. "Mume wangu akataeje jambo kubwa hivyo asiniambie?"

"Ameandika, Mama. Mkono wake huo."

"Mkono naujua. Nasema moyo siuelewi."

Mkunga akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akamgeukia Randa. Macho yake yalikuwa makavu sasa, nayo yalitisha.

"Ng'oa zote."

"Zote?"

"Mama alikuwa na haki. Zing'oe, usiache hata msumari. Niwekee vigae, vya maziwa, vya baridi, visivyolia wala kuandikika. Mwenye Vigae anavileta leo. Na akija mwisho wa mwezi na wazee wake, nitamkubali."

Randa alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi, kisha akainama kwenye mtaimbo wake. Fundi akiambiwa ng'oa, hung'oa. Chozi moja lilimdondoka kwenye nyundo, akalifuta upesi akidhani hakuna aliyeliona. Mkunga aliliona, na lilimchoma kuliko alivyotaka.

Ubao wa pili ulikuja kwa shida. Randa aliuvuta kwa hasira, ukang'oka ghafla, ukaanguka kifudifudi, mgongo juu.

Ulikuwa na maandishi.

"Hukuniambia kulikuwa na mwingine," Mkunga akanong'ona.

"Sikujua," Randa akasema. "Naapa, sikuugeuza. Nilisoma ule wa juu tu."

Mama ndiye aliyeinama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma akifuata kila herufi kwa ncha ya mwiko.

"M-BA-O... mbao ya... KITANDA CHENU."

Mkunga akauburuta ule ubao wa kwanza, akaulaza kando ya wa pili, kama Mzee alivyozipanga jioni ile kabla ya kuzibebanisha.

KIJANA NIMEKATA
MBAO YA KITANDA CHENU

Randa alitoa sauti ambayo Mkunga, aliyezoea kusikia watu katika saa zao ngumu kuliko zote, hakuwahi kuisikia. Hakungoja kuambiwa. Aliuingiza mtaimbo chini ya ubao wa tatu, akaung'oa na misumari yake minne kwa mara moja. Akaugeuza.

LETA WAZE WAKO

"Waze," Mkunga akasema. "Waze!" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mara hii moja, mara moja tu katika maisha yake, Mzee aliandika A moja kwa sababu neno lenyewe lilikuwa na A moja. Amekata. Amekata mbao. Na kijana aliyemjua kuliko watu wote akamsahihisha.

Mama aliketi kitini polepole, akijishikilia. Uso ulikuwa umemwisha rangi.

"Wageni," akasema.

"Mama?"

"Wiki ile. Alimaliza sakafu siku moja, anapiga mluzi. Kuanzia kesho yake, kila jioni anavaa shati lake jeupe, anakaa kiti hiki hiki, anatazama mlango. Nikamuuliza, unamngoja nani wewe? Akasema, 'Wageni. Kijana amekwenda kuwaleta.' Nikasema wageni gani? Akacheka tu. Siku ya nne akaniambia, 'Labda kwao ni mbali.' Siku ya sita akaanguka pale mlangoni, na shati lake jeupe mwilini." Mama alimtazama Randa. "Alikufa anakungoja, mwanangu."

Randa alipiga magoti pale pale kwenye udongo uliobaki wazi, akaweka paji la uso juu ya ubao. Mabega yalimtikisika. Mkunga alitaka kumgusa, mkono ukafika nusu ya safari ukasita, kisha ukamalizia safari yake. Ulipotua mgongoni mwake, wote wawili walishtuka, kana kwamba miaka saba haikuwahi kuupooza mkono ule.

"Na zile mbao ndefu," Mama akaendelea, anajisemea mwenyewe, "zile nyuma ya kabati langu. Nne ndefu, mbili fupi, zimepigwa randa mpaka zinateleza. Miaka saba nazifuta vumbi nikijiuliza alikuwa anatengeneza nini. Nikasema labda ni rafu."

Honi ikalia nje. Mara mbili, kwa adabu.

Mwenye Vigae mwenyewe alikuwa ameketi karibu na dereva wa lori. Alishuka akitabasamu, boksi moja mkononi, amelifungua tayari ili Mkunga aione rangi kwenye mwanga wa mchana. Alipoona uso wake, tabasamu likapungua.

"Rangi hukuipenda?"

"Rangi ni nzuri. Wewe pia ni mtu mzuri." Mkunga akaligusa boksi. "Nisamehe. Sebule itabaki ya mbao."

Mwanamume yule alitazama juu ya bega lake, mlango ukiwa wazi, akamwona fundi aliyepiga magoti na Mama aliyekuwa akilia kitini. Hakuwa mjinga.

"Ni vigae tu vinavyorudi," akauliza taratibu, "au na mimi?"

Mkunga angeweza kumdanganya, akaona mtu mwema hastahili kuachwa akisubiri.

"Na wewe."

Akafunga boksi, pande zote nne, vizuri, kana kwamba kazi hiyo ilihitaji akili yake yote. "Basi nitawaambia wazee wangu mapema," akasema. "Wasije wakavaa bure." Akapanda lori. Neno lile lilimfuata Mkunga mpaka ndani likimchoma, kwa sababu alijua mwingine aliyevaa bure.

Randa alikuwa amesimama. Mbao tatu zilikuwa zimepangwa ukutani, maandishi nje, na Mama alikuwa mbele yake amemshika viwiko.

"Ulinisalimia ulipoingia," Mama akamwambia.

"Ndiyo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Randa alijifuta macho kwa mkono wa shati. Alimtazama Mkunga, na safari hii macho hayakuanzia chini.

"Wazee wangu wameisha," alisema. "Amebaki mjomba mmoja, mkorofi, anakoroma hata akiwa macho."

"Mlete huyo huyo," Mama akasema. "Nyumba hii imengoja wageni vya kutosha."

"Na mbao hizi? Ndani yake unamsikia. Nizibadilishe?"

Mama aliukanyaga ubao mmoja, ukalia. "Ziache zilie. Kumbe alikuwa na jambo la kusema."

Randa akachukua kofia yake. Alikuwa amefika mlangoni, pale pale Mzee alipoangukia, Mkunga alipomwita. Akageuka kwa hofu, kama mtu anayeogopa kuambiwa ilikuwa ndoto.

"Randa," akasema Mkunga, machozi yakimtiririka na kicheko kikimtoka, "safari nyingine ukisoma kitu katika nyumba hii, tafadhali, geuza na ubao wa pili."